Bawa Lililolala Kianikioni kwa Bi Mize

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Haidari, aliyetaka kumnyang'anya mwanamke maskini mwani wake eti kwa sababu ulikaukia juu ya mali yake. Msicheke kwanza, ngojeni.

Haidari alikuwa akijenga mitambo ya upepo baharini, mbele ya mji wa Mkungwini. Vyuma vilitoka ng'ambo, mafundi wakatoka ng'ambo, na umeme wenyewe ungekwenda huko huko ng'ambo kwa waya. Wenyeji walipewa kazi ya kufukuza kunguru. Meli zake zilichimba mlango wa bandari mpaka maji yakawa mazito kama uji, mwani mwingi ukafa. Kisha yakashushwa mabawa ya mitambo, marefu kupita mnara wa msikiti, yakalazwa pwani. Moja likalazwa juu ya kianikio cha yule mwanamke, Bi Mize, kiwanja chake cha kuanikia mwani, bila hodi. Na kianikio kile Bi Mize alikirithi kwa mamake. Kadhi mwenyewe ndiye aliyempimia siku ya mirathi.

Bi Mize hakugombana na mtu. Mwani wake mchache uliosalimika aliutandaza juu ya bawa, nao ukakauka vizuri ajabu.

Haidari akamburura mpaka kwa Kadhi.

"Mwani huo ni wangu!" akasema.

"Kwa sheria gani?" akauliza Kadhi, kwa upole, maana Ijumaa alikuwa amekula biriani kwa Haidari.

"Kilichokaa juu ya mali ya mtu ni cha mwenye mali."

"Bwana Haidari," akasema Bi Mize, "huo ndio mwani wangu wote. Wanangu wale nini?"

"Nimewaletea maendeleo, Bibi. Mnataka nini tena?"

"Maendeleo tumeyaona. Waulize kunguru."

Baraza zima likacheka. Kadhi akakohoa.

"Haya, niambie," Bi Mize akaendelea. "Sheria yako hiyo ni ya mwani tu?"

"Ya kila kitu!"

"Hata kitu kizito?"

"Hata kiwe kizito kama mlima!"

"Hata mwenye kitu akiwa mkubwa wa mji?"

"Sheria haichagui tajiri wala maskini!" Maneno hayo yalimkolea Haidari mwenyewe, akayarudia mara ya pili huku akilitazama baraza.

"Mimi mjinga, Kadhi," akasema Bi Mize. "Nikisikia kwako ndipo nitaamini."

Kadhi, aliyekuwa na haraka ya kwenda kula, akagonga meza. "Kilichokaa juu ya mali ya mtu ni cha mwenye mali. Nimehukumu, na hukumu yangu hairudi."

Bi Mize akajitanda kanga yake vizuri, akamsukumia Haidari gunia la mwani.

"Chukua, Bwana, halali yako. Ila lile bawa langu usiliguse, nimeshazoea kuanikia."