Kiatu cha Kushoto cha Mfalme

Hapo zamani, katika vilima vya Israeli, shamba halikuhama kwa karatasi, bali kwa kiatu. Mwenye shamba alivua kiatu mbele ya wazee wa lango la mji, akamkabidhi mwenziwe mkononi, na neno likaisha. Hata baba akimrithisha mwanawe alifanya vivyo hivyo. Ndiyo maana katika mji ule ukimwona mtu anachechemea na kiatu kimoja humpi pole, wamwuliza, "Umeuza nini?"

Basi palikuwa na mkulima mmoja, jina lake Eliami, mwenye shamba la shayiri, mizeituni na kisima cha maji matamu. Hakujaliwa mwana wa kiume, bali binti watatu, na mkubwa wao aliitwa Helaa. Mama yao alikwisha kufa. Siku Eliami alipoona nguvu zinamwisha, aliwaita wazee akasema kwa kinywa chake, "Shamba ni la binti zangu." Akainama ili avue kiatu, na kabla mkono haujafika mguuni, roho ikatoka. Wakamzika na viatu vyake.

Ikawa matanga yalipoisha, Helaa akaenda langoni kwa Mfalme Hadorami. Mfalme huyu alikuwa akilitamani shamba lile siku nyingi, wala si kwa njaa. Alitaka nyumbu wake wa kupanda wapate mahali pazuri pa kugaagaa.

"Mfalme, uishi milele," akasema Helaa. "Sheria yatwambia mtu asiye na mwana wa kiume hurithiwa na binti zake. Nimekuja kuomba shamba la baba yetu."

"Sheria ni sheria, nani aipinge?" akajibu mfalme. "Lakini kiatu kiko wapi?"

"Baba alitamka, bwana wangu, na wazee hawa walimsikia."

"Maneno ni upepo! Mtu husema hili akakusudia lile. Kiatu hakina kukusudia. Kikishavuliwa kikatolewa, kimetolewa. Baba yenu na avue kiatu kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wazee. Asipovua kabla ya mavuno ya shayiri, shamba ni la nyumbu wangu. Tena tangu lini mkono wa mwanamke ukatoa au ukapokea kitu katika lango hili?"

Wazee wakatikisa ndevu zao. Walijua kuwa hiyo ni dhuluma tupu, lakini mbuzi wao walikunywa katika birika la mfalme, kwa hiyo wakatikisa ndevu tu.

Helaa akarudi analia, akamkuta Buki amejinyoosha kwenye shinikizo la kukamulia mafuta ya zeituni. Buki huyu hakuwa na nyumba, wala mke, wala punda, na tangu azaliwe hakuvaa kiatu. Watu walimwita mpumbavu. Yeye alisema, "Nitauzaje kitu bila kiatu? Na asiyeuza hana kesi."

"Ami Buki," akasema Helaa, "nitawalaza wapi wadogo zangu?" Akamweleza yote.

Buki akafikiri, akauliza, "Viatu vya mfalme ni vipya?"

"Vyekundu, vya kutoka Tiro. Lakini ami, mimi nalilia shamba, wewe waniuliza viatu!"

"Futa machozi, mwanangu. Nakwenda kumwomba marehemu avue."

Akaenda makaburini, akabisha hodi kwenye jiwe, akapaza sauti hata watu wakakusanyika: "Eliami! Cha kulia au cha kushoto?" Akatega sikio, akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akashika njia ya langoni.

"Mfalme, uishi milele," akasema. "Marehemu amekubali. Ila aona haya kuja mjini na sanda, aomba mfalme na wazee wamfuate kwake."

Mfalme akacheka hata taji likamwangukia puani. Akawaza, kumbe leo hii shamba nalichukua mbele ya mashahidi! Akatoka mbio na wazee wake, na Helaa na wadogo zake wakafuata nyuma.

Sasa kati ya mji na makaburi palikuwa na kijito cha matope. Mfalme akatazama matope, akatazama viatu vyake vyekundu, akasimama kwa mguu mmoja akavua cha kushoto.

"Ewe Buki, shika kiatu changu."

"Mbele ya wazee hawa wote, bwana wangu?"

"Mbele ya yeyote! Shika!"

Buki akakipokea kwa mikono miwili, akaanguka kifudifudi matopeni. "Ahsante, bwana wangu! Mimi fukara wa mafukara, leo nimepewa ufalme!"

"Ufalme gani? Nimekusudia unishikie, nivuke!"

Buki akawageukia wazee. "Wazee wangu, amesema amekusudia. Kiatu je?"

Wazee wakatazamana, wakajibu kwa sauti moja, "Hakina kukusudia!"

Hapo pakazuka mabishano makubwa. Mzee Yashobu, ambaye angeweza kubishania sheria hata na tanuri, alisema kiatu kimoja ni nusu ya ufalme, na iamuliwe kwanza kama jumba liko upande wa kushoto. Mwingine akasema mfalme abaki kuwa mpangaji katika mguu wa kulia. Naye mfalme amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, anatukana, na hakuna wa kumsikiliza.

Buki akakivaa kile kiatu, akapiga hatua mbili, akakunja uso. "Ufalme huu wanibana kidole. Helaa, mwanangu, njoo." Akakivua, akamwekea mkononi. "Ni wako."

Helaa akakitazama kile kiatu. Kisha akamkumbuka baba yake alivyoinama, na hofu ikamtoka. Akaingia majini mpaka mbele ya mfalme.

"Bwana wangu, ufalme wako ni huu. Pokea."

Mfalme akanyoosha mkono upesi. Mzee Yashobu akakohoa.

"Taratibu, bwana wangu. Ikiwa mkono wa mwanamke hauwezi kutoa, basi hujapewa kitu, na ufalme hatujui uko wapi. Na ikiwa waweza kutoa, waweza na kupokea, na neno la Eliami lasimama."

Mfalme akatazama jumba lake kule mlimani. "Waweza," akasema chinichini.

"Wazee hawakusikia," akasema Buki.

"Waweza! Waweza kutoa, waweza kupokea, na shamba ni lao! Nipe kiatu, mguu umekufa ganzi!"

Helaa akampa, naye mfalme akakivaa, na hasira bado zinamchemka. Kisha akakumbuka jambo. "Na yule marehemu?"

"Bado anafungua gidamu za viatu, bwana wangu. Si ulimpa muda hadi mavuno?"

Mfalme akaangua kicheko, akateleza, akakaa kitako kijitoni na viatu vyake vya Tiro, akazidi kucheka. Akataka kumpa Buki viatu vile, Buki akakataa, akisema amekwisha kuwa mfalme mara moja na yatosha.

Mwaka ule Helaa na wadogo zake walivuna shayiri yao wenyewe. Miaka ikapita, naye akawa mzee, akaja langoni na binti yake, akaketi mbele ya watu wote, akavua kiatu akampa. Hakuna aliyeuliza neno. Ila Mfalme Hadorami, kikongwe wa mvi, alipoona kiatu kinavuliwa, alivuta miguu yake polepole akaificha chini ya kiti.