Hodi ya Zizini

Sogeeni karibu. Aliye na mfupa mkononi aumalize kwanza, maana maneno haya hayashuki vizuri pamoja na nyama.

Zamani hizo ng'ombe walisema kama tusemavyo sisi, na hakuna mtu aliyewala. Watu walikula mtama, kunde, karanga na mlenda, wakashiba, wakacheza ngoma. Hata maziwa hayakukamuliwa hivi hivi tu. Mwenye kibuyu alisimama mlangoni mwa zizi, akabisha hodi, akaomba. Ng'ombe akiona ndama wake ameshiba, alimkaribisha. Akikataa, mtu alirudi na kibuyu chake kitupu, wala hakununa. Ndiyo iliyokuwa adabu ya mahali pale.

Nyamizi alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Sayi. Zizini kwake aliishi ng'ombe aliyeitwa Madoa. Walijifungua msimu mmoja, wakawa mashoga wa kuulizana hali kila asubuhi. Basi ikaja njaa. Mvua iligoma, mtama ukakauka ungali mchanga, watu wakachemsha mizizi hadi mizizi nayo ikaisha. Madoa akakaukiwa maziwa. Sayi akawa wa kulala mkekani, macho yameingia ndani, hata kulia hawezi.

Mayunga, ndugu wa marehemu mume wa Nyamizi, akaja kumtazama mtoto. Akatikisa kichwa.

"Shemeji, mtoto huyu hafiki kesho kutwa. Na nyama imesimama pale zizini."

"Usiseme hivyo! Yule ana jina. Ananisalimia."

"Simba anakula ng'ombe, na hakuna anayemwita muuaji."

"Simba hakunyweshwa maziwa ya Madoa," Nyamizi akajibu.

"Haya. Basi mzike Sayi, halafu ukasalimiane na ng'ombe wako."

Maneno hayo yalimchoma. Jamani, nani yasingemchoma? Wanaomlaani Nyamizi hawajawahi kuchochea moto chini ya chungu cha maji matupu. Kosa halikuwa kutaka mwanawe apone. Kosa lilikuja na aibu. Alijiuliza: nikimwomba, nitamtazamaje usoni? Na akikataa je? Akachukua chumvi kiganjani, kisu akakificha mgongoni, akaingia zizini kimya kimya, bila hodi, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya.

Madoa akailamba chumvi yote. Kisha akainua kichwa.

"Nimekiona kisu, mama Sayi," akasema. "Ungebisha hodi tu. Na mimi nina mtoto. Ningekukaribisha."

Nyamizi angeweza kutoka, akaanza upya pale mlangoni. Lakini alimkumbuka Sayi, na mkono ukaenda.

Sayi alikunywa mchuzi, akapona. Hilo lisemwe wazi, tusidanganyane. Ila ndama wa Madoa alikuwa ameyaona yote. Akawasimulia wenzake, na hayo yakawa maneno ya mwisho ya ng'ombe kusikika duniani. Mvua ikarudi, maghala yakafurika mtama na kunde. Njaa ilikwisha, lakini visu havikurudi alani, kwa sababu watu walikuwa wameshaonja. Mwaka ule ule Mayunga akachinja kwa ajili ya sherehe tu.

Nyamizi hakuigusa nyama tena. Akazeeka, na kila asubuhi akajikongoja hadi zizini na kibuyu kitupu. "Hodi, wenyewe. Hodi jamani." Yule ndama, sasa ng'ombe mkubwa, alimtazama huku akitafuna. Mpaka Nyamizi anaingia kaburini, hakukaribishwa.

Na tangu siku ile ya kisu ng'ombe hawasemi. Mkiwaona wamejilaza jioni wanatafuna, na majani hamna, yale ni maneno waliyoyameza. Huyapandisha, huyatafuna, huyarudisha tumboni. Na mchinjaji, hata awe na moyo mgumu namna gani, humwendea mnyama kisu kikiwa mgongoni. Mwenyewe anadhani ni ujanja, kumbe ni aibu ile ile ya Nyamizi.

Haya, naweni mikono. Na kabla hamjalala, mmoja wenu apite zizini abishe hodi. Hatajibiwa, lakini abishe.