Mkia wa Pimbi na Chuo cha Fisi

Hebu niambieni, nani kati yenu amewahi kuuona mkia wa pimbi?
— Hatujauona!
Mnataka kujua ulikokwenda?
— Tupeleke!
Haya, shikaneni mikono. Huko kuna giza.

Pimbi alitaka kuwa wakili. Nguruwe alikuwa amelinyakua jabali la mama yake Pimbi, na mahakamani husikizwa wakili tu. Shule ya Sheria ikamwambia: lete digrii kwanza. Ya nini? Yoyote. Ya chuo gani? Chochote. Basi akaenda kwa Profesa Fisi, mwenye chuo pangoni, kibali cha Baraza la vyuo kimebandikwa mlangoni, muhuri na kila kitu.

"Karibu, mwanangu. Ada ya kuingia ni mkia."

Kwachu! Mkia ukaenda.

Ndani, kimya. Kasuku ameketi, mdomo wazi, hana ulimi. Sungura ameketi, kichwa laini kama yai, hana masikio. Wote wamevaa majoho. Na tumboni mwa Fisi sauti ya Kasuku inasema polepole: "Mheshimiwa hakimu... mheshimiwa hakimu..."

"Huyu alichagua Lugha," Fisi akasema, "nikaonja ulimi. Yule Mawasiliano, nikaonja masikio. Ndiyo desturi yetu: mwanafunzi akichagua somo, profesa hulionja kwanza. Wewe wa sheria, nakushauri Falsafa." Akamtazama kichwani, mate chururu.

Pimbi akakifunika kichwa kwa mikono. "Profesa, hizo kozi ni basic sana. Mimi nataka kusomea Fisi."

"Fisi gani?"

"Wewe, boss! Kuanzia mkia hadi ukucha. Ama desturi ina exceptions?"

Fisi akacheka, pango likaitika. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsomea yeye! "Desturi ni desturi!"

Akageuka, akaonja mkia wake. Kwachu! Mtamu. Akaonja mguu. Kwachu! Mtamu zaidi. Zamu ya tumbo ilipofika, sauti za wanafunzi zikatoka, zikampita Kasuku bila kumtambua. Kwachu, kwachu, mpaka kikabaki kicheko peke yake, kinaning'inia hewani bila mdomo.

Pimbi akavaa joho, mbio hadi Shule ya Sheria.

"Digrii ya Fisi? Haitambuliki. Chuo hakina profesa."

Ile kelele mnayoisikia miambani jioni ni yeye, anamtetea mama yake. Nguruwe hajahama.

Hadithi yangu imerudi pangoni. Hesabuni masikio yenu.

Funzo: watoto, chagueni kozi zenye soko, na muwaheshimu maprofesa.

Na ninyi wa Baraza mliogonga muhuri ule: pango bado liko wazi, kicheko bado kinasajili. Kibandueni kibali leo. Na mturudishie mikia yetu!