Samaki Waliopanua Midomo

Wapendwa, kule milimani kulikuwa na mfugaji wa samaki aliyegombana na jirani yake. Ugomvi wa mpaka wa shamba, mnaujua. Bwawa lake lilipata maji kwa mfereji, na likijaa, maji yalimwagika kuteremkia bustani ya jirani. Basi akachukua jembe, akauziba mfereji kwa udongo. "Tuone mboga zake zitaota kwa mate," akasema. Maji ya bwawani yalibaki ya kutosha, ila yalituama, na jua la kiangazi likayapasha moto.

Asubuhi moja akakuta samaki wote wamekuja juu, wamepanua midomo. Akamwambia mkewe, "Ona wanavyolia njaa." Akawamwagia debe zima la pumba. Hawakula. Kesho yake akawaongezea.

Jirani alikuwa akipita, akasimama. "Ndugu yangu, hao hawaombi chakula. Wanakata pumzi, na hizo pumba zikioza zitawamaliza. Zibua mfereji, maji yaanguke humo."

"Ili yashuke kwako?"

"Yashuke kwangu, samaki wako wapone."

"Niondokee hapa."

Je, mlidhani samaki hahitaji hewa? Anavuta ile iliyoyeyuka majini. Sukari huyeyuka upesi katika chai ya moto, lakini hewa sivyo: maji yakipata joto huitema. Akina mama, mkibandika sufuria, kabla maji hayajachemka, hamwoni vipovu vidogo vimejishika pembeni? Ni hewa hiyo, inatoka. Nayo huingia tena maji yakiwa ya baridi, yakitembea, yakianguka.

Siku ya tatu bwawa lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Miezi minane ya kazi. Yule bwana akauzibua mfereji kwa mikono yake. Maji yakaingia yakitoa povu, yakajaa, yakateremka kwa jirani, yamebeba mizoga. Jirani hakucheka. Alisema tu, "Pole, ndugu yangu."

Sasa tutazame mabwawa yetu. Tulisema, "Fulani asikanyage hapa, na jina lake lisitajwe." Tulidhani tunamkomoa yeye. Je, ni yeye anayekata pumzi? Ni watoto wetu, wanaolelewa katika nyumba ambamo upendo hauingii wala hautoki. Wanatujia asubuhi wamenyong'onyea, nasi tunawaongezea chakula.

Mimi ninayesema haya, kwa miaka minne sijasemezana na kaka yangu. Juzi binti yangu aliniuliza kama baba yake mkubwa bado yu hai. Nikamwambia anywe uji wake. Wapendwa, hakuunywa.

Nikishuka hapa mimbarani ninakwenda kwa kaka yangu, na ninaona aibu. Wewe je? Mfereji ule uliuziba wewe, na jembe unajua ulipoliweka. Nenda kazibue wakati samaki wako wangali wanapanua midomo.