Ua la Manjano la Bibi Wakesho

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitikia kama watu walionyimwa chakula? Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji juu ya mlima wa mawe. Mawe huku, mawe kule. Ukilima, jembe linalia kwa! Ukichimba shimo la nguzo, kwa! Lakini mvua ikinyesha, maua yalichanua kwenye nyufa za miamba, na watu wa kijiji kile walizungumza kwa maua hayo.

Msicheke. Walizungumza. Neno la kawaida lilisemwa kwa kinywa. Neno zito, lile linalokwama kooni, halikusemwa. Ulipanda mwambani wewe mwenyewe, ukachuma ua, ukaliweka kizingitini kwa mwenzako, ukaondoka kimya. Ua dogo jeupe lilisema, "Nakukumbuka." La manjano lilisema, "Nimekosa." Na ua jekundu la mshubiri lilisema, "Nimekusamehe, rudi." Jekundu halikutangulia manjano hata siku moja. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria.

Aliyeijua sheria hiyo kuliko wote ni Bibi Wakesho. Mimi sikumwona, lakini bibi yangu alinisimulia habari zake mpaka nikawa kama ninamkumbuka. Wagomvi wote walikwenda kwake. Siku moja akaja mwanamume mmoja mpenda matembezi.

"Bibi, nimekuta ua jeupe kizingitini, na aliyeliweka ni mke wangu. Tunakaa nyumba moja! Ananikumbukaje?"

"Unakaa naye lini?" Bibi akamuuliza.

Yule bwana akainamisha kichwa, akaenda zake nyumbani, akatulia.

Ndivyo alivyokuwa Bibi Wakesho. Lakini kizingitini kwake mwenyewe hapakuwa na ua.

Alikuwa na binti mmoja tu, Mghoi. Mghoi alichumbiwa na mfinyanzi wa bondeni, akakubali. Bibi hakutaka.

"Utaniacha na nani?"

"Nitakuja kukuona, mama."

"Ukishuka huko, mimi usinijue, wala mlima huu usiukanyage tena!"

Mghoi naye hasira zikampanda. "Basi kaa na mawe yako, mama!"

Akashuka. Bibi akajifungia ndani. Hata kumuaga hakumuaga.

Mvua ikaja, ikaenda. Ikaja, ikaenda. Kila asubuhi Bibi alifungua mlango, kwiii, akainama, akapapasa kizingiti. Hakuna kitu. Akaimba. Imbeni nami:

Manjano, manjano, mbona huji?
Mvua imekuja, mwanangu haji.

Majirani wakamwambia, "Bibi, si umpelekee jekundu wewe?"

"Jekundu halitangulii manjano."

Kichwa kigumu! Nyumba za watu alizijenga, yake ikamshinda. Na hamu ya mwanawe ilimla, jamani, ilimla. Akipika, mkono wake ulipakua sahani mbili. Akiiona ile ya pili, alikirudisha chakula chunguni polepole, na njaa yenyewe ikamwisha.

Manjano, manjano, mbona huji?
Mvua imekuja, mwanangu haji.

Siku moja akapanda mchuuzi wa vyungu kutoka bondeni, jina lake Mwadime. Aliuza vyungu vyake, kisha akaanza kuokota mawe, anayatia kapuni. Kwa! Kwa!

Bibi akamshangaa. "Mwanangu, tangu lini mawe yakawa bidhaa?"

"Nimeagizwa, bibi. Kule kwetu ni tope tupu, jiwe hulioni. Sasa yuko mama mmoja, mke wa mfinyanzi, kila mpita njia anamwomba jiwe. Anayarundika uani kwake. Watu wanamcheka, yeye anarundika tu."

"Ya nini?"

"Anasema anataka ua la kwao limee hapo. La manjano. Anasema hawezi kuukanyaga mlima wa mama yake bila hilo, na ni lazima alichume kwa mkono wake."

Bibi Wakesho akakaa chini, puu! Alilia mpaka Mwadime akaogopa.

Kisha akainuka, akapanda mwambani, akachuma ua la manjano. Wazee wenzake wakamzuia njiani.

"Wakesho, mama hampelekei mtoto la manjano! Sheria si wewe uliyeilinda?"

"Nimeilinda. Na mwanangu je, nimemlinda?"

Wakampisha. Akashuka na fimbo yake, ko, ko, ko. Mwadime mbele, Bibi nyuma. Jua likawaka. Ua likanywea. Wakalala njiani, wakaamka, ko, ko, ko. Ua likapukutika. Bibi alipofika bondeni mkononi kumebaki kikonyo. Ndipo akaelewa kwamba hata kama Mghoi angekuwa na ua, lisingefika kizingitini kwake. Alikuwa amesubiri kitu kisichoweza kuja.

Akamwona mwanawe uani. Hakuwa tena yule msichana. Mvi zilikuwa zimeanza. Nyuma yake lilikuwa rundo la mawe, limemwagiwa maji, lakini tupu, halina hata jani.

Mghoi akamtambua. Badala ya kumkimbilia, akasimama mbele ya lile rundo, ametandaza mikono kulificha.

"Mama! Ningoje kidogo, mama. Bado halijachanua."

Bibi akakitupa kile kikonyo. Akafungua kinywa.

"Mghoi. Nimekosa."

Hakuna mtu wa mlima ule aliyewahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwa mtu. Mghoi alimtazama mama yake midomo.

"Sema tena, mama."

Akasema tena. Na Mghoi akasema lake. Wakashikana.

Walikaa pamoja, lakini si sana, maana Bibi alikuwa amezeeka, na mlima hakuuweza tena. Miaka iliyopotea haikurudishwa na mtu. Mghoi alipomzika alisema, "Sauti yake nimeisikia, lakini sikushiba."

Basi wanangu, kama kuna mtu unayemkumbuka, mwambie angali anasikia. Usimngoje aanze yeye, naye huenda anakungoja wewe. Hadithi yangu nimeitua hapo. Nendeni mkalale, na aliyemnunia mwenzake asilale kabla hajasema naye.