Binti wa Unywele Mmoja

"Chipukizi halidaiwi mkungu wa mamaye." Mmeisikia leo sokoni, mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Haya, kaeni. Na wewe Ambakisye, acha kunitafunia muwa masikioni. Methali hii ilianza hivi.

Kwenye milima ya migomba, ambako ukungu huingia ndani bila hodi, aliishi mjane Tupokigwe na bintiye Sekela. Sauti ya Sekela, jamani! Akiimba huku akitwanga, jirani alisahau chungu jikoni kikaungua. Masika moja mto ukamchukua.

Mama alibaki na unywele wake mmoja kwenye kitana. Akaupeleka ng'ambo ya mawingu, kwa mtaalamu aliyejua kuotesha mtu kama sisi tunavyootesha mgomba.

"Nitakupa sura," mtaalamu alimwambia. "La zaidi usinidai. Wala mtoto mwenyewe usimdai."

Tupokigwe akaitikia upesi upesi. Mwenye kiu hasikilizi habari za kata.

Mtoto akachipuka, akakua: macho yale yale, mwanya ule ule. Mama akamwita Sekela, akamvisha shanga za marehemu, akamsimamisha kwenye kinu. "Imba!" Sauti ikatoka ya kukwaruza. Mama akanuna. Ikawa kila siku ni imba, kila siku ni machozi. Msichana akakonda, akawa anatembea mle ndani kama mgeni anayeogopa kugusa vyombo.

Asubuhi moja hayupo. Mama akakimbilia mtoni, akamwona katikati ya maji, ukungu umemzunguka.

"Sekela! Sekela, utakufa!"

Msichana hakugeuka. Akapiga mbizi, akaibuka mbali, kisha akarudi akiogelea taratibu hadi miguuni pa mama, anacheka. Tupokigwe hakuwahi kumsikia akicheka.

"Mama, aliyezama ni Sekela. Mimi naogelea."

"Mwanangu, usinifanyie hivi."

"Ukiita Sekela unamlilia yeye. Mimi utaniita lini?"

Lo! Tupokigwe aliketi topeni akalia. Alimlilia aliyekufa, na aliona haya mbele ya huyu aliye hai. Kisha akamvua zile shanga, akazitupa mtoni. Akamwita Lugano, yaani upendo.

Siku ya mavuno majirani wakamchokoza: "Mama Sekela, huyu mbona haimbi kama yule?"

Tupokigwe alikuwa akimkausha Lugano nywele, hata kichwa hakuinua.

"Chipukizi halidaiwi mkungu wa mamaye."