Nimekata Tawi Tu

Wapendwa, mahubiri niliyoandaa leo yako hapa ndani ya Biblia, na yatabaki humo humo. Nimekuja nimechoka, na walionichosha ni nyinyi. Kaeni vizuri niwape mfano, kisha kila mtu ajipime mwenyewe.

Kulikuwa na bwana mmoja huku huku milimani, mwenye shamba la marehemu baba yake kwenye mteremko. Mama yake alikuwa mzee, macho yameisha, akiishi peke yake bonde la pili. Siku moja akaanguka jikoni, akalala pale sakafuni mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi. Bwana akaona sasa basi, akamfuata. "Mama, najenga nyumba kule shambani. Uje tukae wote."

Mama akafikiri, akasema, "Nitakuja. Ila ule mkuyu usiukate. Chini yake ndiko nilikokuwa nawalaza nyinyi nikilima. Macho sina tena, lakini nikisikia majani yake na ndege wake nitajua niko kwetu." Bwana akaapa.

Na mwanzoni, tumpe haki yake, alijenga kama mtu mwenye akili. Nyinyi mkijenga mnafanyaje? Mnachimba kilima mpaka kiwe meza, halafu masika yakija mnalia matope yako sebuleni. Yeye hakuchimba. Alisimamisha nyumba ya mbao juu ya nguzo, maji ya mvua yapite chini yakienda zake. Mbao alinunua za miti ya kupandwa, akazianika mpaka zikakauka kweli, si kama zile mlizotuuzia za mabenchi haya, ambazo hadi leo zinapinda. Mkuyu ukapita katikati ya baraza na kutokeza juu ya paa, na mafundi wakaacha nafasi kuzunguka shina ili upepo ukija mti uyumbe bila kugusa nyumba. Watu walitoka mbali kuja kupiga picha.

Haya. Akahamia na mkewe, mama afuate baada ya mavuno. Kikatokea nini? Mti ukafanya kazi za mti. Majani yakaziba mifereji ya paa. Bwana akachukua msumeno akaondoa matawi ya chini. Mke akamwambia, "Baba watoto, mama alisema mti usikatwe."

"Kwani nimekata mti? Nimekata tawi tu."

Makuyu yakaiva, wakaja ndege, wakaja popo, barazani hakukaliki. Akaondoa matawi yaliyozaa. Mke akauliza, "Sasa mama anakuja kusikiliza nini humu?"

"Tawi tu, mke wangu. Mti si huo umesimama?"

Mvua ikapenya kwenye ile nafasi ya shina. Akaijaza zege, akaufunga mti kwa vyuma usiyumbe. Mizizi ikainua ngazi. Akaikata, akamwaga saruji kote. Mti ukaacha kuchipua, na bwana akaona afadhali, hakuna tena kufagia. Nawauliza, alisema uongo? Hakusema. Kila mara alikata tawi tu. Nyinyi haba na haba hujaza kibaba mnaijua sana kwenye vikoba vyenu. Basi kibaba hujazwa hivyo, na humwagwa hivyo hivyo.

Mavuno yakaisha, akamleta mama. Alimshika mkono, wakapanda ngazi polepole. Mama akasimama barazani, akatega sikio. Kimya. Akanyoosha mikono mpaka ikapata shina. Lilikuwa kavu, gome linabanduka. Akalipapasa juu na chini, akagusa vile vyuma.

"Umeniwekea nguzo," akasema.

"Mama, ni mkuyu wenyewe. Sikuukata, naapa."

"Najua hukuukata. Ungeukata ungeniambia, nami nisingehangaika kuja. Nirudishe kwangu."

"Kule utaanguka tena, mama."

"Nikianguka kule nitakuwa nasikia ndege."

Akamrudisha. Angefanya nini? Nyumba ni nzuri, mbao ni nzuri, imekaa na kilima bila ugomvi, na aliyejengewa hakai humo.

Sasa msinitazame kwa macho ya kumhurumia huyo bwana. Huyo bwana ni sisi. Kanisa hili tulilijenga wenyewe, tukabeba mawe kichwani, tukasema, Bwana, njoo ukae nasi. Je, kuna mtu tumemfukuza? Hakuna hata mmoja. Tulisema tu watoto wakae nje, wanachafua. Tukasema yule bibi anayelia wakati wa maombi ahamie nyuma, anatuvuruga. Tukasema wanaotoka shambani na matope miguuni waje ibada ya alfajiri, wasichanganyike na wageni. Kila mara mliniambia, mchungaji, hili ni jambo dogo. Na ni kweli, yote yalikuwa madogo. Leo humu ndani ni kimya, na mnakiita utulivu. Mimi naogopa. Naogopa kwamba Bwana ameshapapasa kuta hizi na ameshaomba kurudishwa.

Alhamisi wazee wa kanisa wameniletea jambo dogo jingine. Eti yule kichaa anayeongea peke yake asipite tena mlangoni, kwa sababu Jumapili ijayo tunapokea wageni wakubwa. Mniwie radhi, hapo nimeshindwa kuvumilia. Kichaa ndiyo nini? Ana jina. Anaitwa Shemhilu, amebatizwa humu humu, na baadhi yenu mlikaa naye benchi moja darasa la kipaimara. Mnageuza shingo sasa, kwani hamkumjua?

Yuko pale nje dirishani tangu tulipoanza kuimba. Mimi namwona kutoka hapa, nyinyi mmempa mgongo. Shemhilu, ingia baba. Mzee uliye mlangoni, mfungulie. Naona huku mbele hakuna nafasi. Katibu, simama umpishe.